Godoro Lililotangulia

Kavugho aliliona turubai kwanza. Lilikuwa la buluu, limefungwa kutoka pembe ya paa la nyumba yake hadi kwenye mparachichi, na chini yake watu walikuwa wamejaa. Mwenye pikipiki aliyemleta kutoka Beni alizima injini kule chini barabarani, akavua kofia bila kuambiwa na mtu.

"Mama, kwenu kuko kilio," alisema.

Hata kama angekuwa kipofu asingehitaji kuambiwa. Wanawake walikuwa wameketi chini, miguu wameinyoosha, vitambaa wamevifunga viunoni. Gogo kubwa lilikuwa likifuka moshi katikati ya uwanja. Mwaka ule wa 2002 maturubai ya namna hiyo yalikuwa mengi Butembo, vita havikuwa na haya wala adabu, na Kavugho mwenyewe alikwisha kukaa chini ya mengi kuwalilia watoto wa wenzake. Lakini hili lilikuwa limefungwa kwenye paa lake.

Alikuwa anatoka Kampala kutibiwa kansa ya titi, mzunguko wa tatu wa dawa zile za kuingizwa mshipani ambazo zilimmaliza nywele na kumwachia kichwa kitupu chini ya kitambaa. Njiani alijaza akili yake na mambo madogo: kama Éliakim ameacha kujitia maharagwe puani, kama Bénite anakwenda shule, kama baba yao amejua mwishowe kusonga bugali bila kuuunguza. Hakuwa amejiandaa kwa turubai.

Hakuthubutu kupita mbele ya watu wote. Alizunguka nyuma, katikati ya migomba, taratibu kwa sababu bado alikuwa dhaifu, mpaka akafika ukuta wa mbao wa jiko. Kutoka hapo alimwona Bénite, binti yake wa miaka minane, amembeba Shalom, mtoto wa mwisho, mgongoni. Wote wawili walikuwa wamenyolewa vipara.

Pale kwao mtoto hanyolewi namna hiyo ila amefiwa na mtu wake kabisa. Kavugho alitazama huku na huku akimtafuta wa tatu. Alitafuta kwenye mikeka, kwenye magoti ya akina mama, kando ya masufuria. Éliakim hakuwepo. Éliakim, mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kutulia hata kanisani watu wakifumba macho, hakuwepo popote.

Aliteremka kwa mgongo kwenye ule ukuta mpaka akakaa kwenye majivu. Hakulia. Ganzi ilimshika kuanzia midomo. Alimwambia Mungu, na alimwambia kwa hasira, kwamba hii si haki: mimi ndiye uliyenishika mkono tayari, mimi ndiye ninayetapika na kuoza, sasa umemfuata mtoto kwa sababu gani?

Ndipo aliposikia sauti ya shemeji yake Zorobabel kutoka upande wa pili wa mbao. Zorobabel alikuwa mdogo wa mume wake, mkulima wa Lubero, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Éliakim nitaenda naye Lubero. Amelala mule ndani, mumuache alale. Kesho tutapanda gari naye."

Amelala! Kavugho alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Furaha ilimpanda ghafla mpaka akaona kizunguzungu. Mtoto yupo, amelala, yupo! Basi ni Delphin? Alikuwa hajamaliza kuwaza hilo alipomsikia mume wake akikohoa, kikohozi chake kile cha vumbi la vitambaa, kwa maana Delphin alikuwa fundi cherehani. Mume yupo. Watoto watatu wapo. Sasa wanamlilia nani?

"Na Bénite ataenda na miye Mulekera," ilisema sauti nyingine. Hiyo alikuwa Kyakimwa, dada mkubwa wa Delphin, mjane aliyeishi peke yake na shamba lake kule Mulekera, upande wa Beni. "Ni mukubwa, anajua kuteka mayi, anajua kulima. Marehemu Kavugho alimufundisha muzuri, haki isemwe."

Marehemu Kavugho.

Alijishika mkono. Alijishika shavu. Ni jambo la ajabu kusikia sifa zako kwa mdomo wa Kyakimwa, ambaye kwa miaka tisa alikuwa hajawahi kusifu hata chumvi yako.

"Na kale kadogo?" Zorobabel aliuliza.

"Shalom, mama Élise anamutaka. Hana mutoto. Ataishi bien kwa pasta," alijibu Kyakimwa. "Delphin, weye unasema nini?"

Kavugho alibandika sikio kwenye mbao. Asubuhi aliyoondoka, pale kwenye kituo cha magari, alimshika Delphin kola mbele za watu na kumwapisha. Yeye mwenyewe aligawanywa. Mama yake alipokufa alikuwa na miaka sita, akapelekwa Mutwanga kwa shangazi, mdogo wake wa kike akapelekwa Bunia, na walipokutana ukubwani walipeana mikono kama wageni wasiojua waongee nini. Kufa alikuwa amekwisha kukutazama usoni. Kilichomtoa jasho katika vyumba vile vya Kampala ni watoto wake kupeana mikono siku moja namna hiyo. Na Delphin aliapa: habatatawanyika, hata kama ni miye peke yangu.

"Delphin?"

"Ni sawa," alisema Delphin.

Kavugho aliinuka. Hakujua nguvu zimetoka wapi. Alizunguka ukuta, kitambaa kikanaswa na msumari, kikabaki hapo, na akatokea mbele ya waombolezaji na kipara chake kinang'aa na majivu mpaka kiunoni.

Wengine wanasema walikimbilia watoto, lakini ukweli ni kwamba kila mtu alikimbia na roho yake. Zorobabel, pamoja na sauti yake yote, aliruka ua. Kyakimwa alirudi kinyumenyume mpaka akakalia sufuria ya maharagwe. Mama mmoja akawa anamwita Yesu kwa Kinande, Kifaransa na Kiswahili. Ni Élise tu, mke wa mchungaji, aliyebaki, na Kavugho alipomkaribia, Élise ndiye aliyenyoosha mkono akamgusa.

"Iko moto!" alipiga kelele. "Ni mutu! Hapana muzimu, ni mutu!"

Delphin alikuwa amesimama. Alisema kitu kimoja, tena kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa polisi: "Matela yako ilifika peke yake."

Hapo Kavugho akaelewa. Hospitali za kule, mgonjwa huenda na godoro lake, sufuria yake, beseni lake. Godoro likirudi nyumbani limeviringishwa na kufungwa kamba, mwenyewe hayupo, hakuna anayeuliza swali. Pale Kasindi, mpakani, alikuwa amepakia vitu vyake kwenye pikapu. Kisha akaanza kutapika, na dereva, aliyeogopea viti vyake, akamwambia apande gari la kesho. Jioni ile bunduki zililia kwenye barabara ya Beni, njia ikafungwa, na Kavugho akabaki wiki nzima na zaidi kwa mama mmoja mbadilisha pesa. Godoro lilikuwa limepita. Dereva alilikabidhi kwa mwingine Beni, huyo akalileta Butembo, na alipoulizwa mwenyewe yuko wapi akajibu ukweli wake wote: hajui. Redio ya mawasiliano ya kanisa ilikuwa haina betri, maana askari walikwisha kuibeba. Simu zilikuwa za matajiri.

Watu walianza kurudi mmoja mmoja. Kilio kikageuka vigelegele. Mchungaji akakohoa, akafungua kitabu cha nyimbo. Na Éliakim, aliyeamshwa na zile kelele, akatoka ndani anafikicha macho, na yeye kipara. Alimtazama mama yake kichwa, akajishika cha kwake.

"Mama, na weye balikunyoa? Basi nani alikufa?"

Hapo Kavugho alilia. Alilia kwa sauti, amemkumbatia, na Bénite akaja na Shalom mgongoni, wakawa rundo moja. Lakini mchungaji alipoanzisha wimbo wa shukrani, aliinua mkono.

"Mutaimba nyuma. Kwanza mumalize ile mulikuwa munasema. Mulifika wapi? Bénite Mulekera, Éliakim Lubero, Shalom kwa mama Élise. Delphin akasema ni sawa. Donc tuendelee."

Nzi tu ndio waliendelea na shughuli zao kwenye maharagwe.

"Kavugho," alisema Delphin, "uko muzima sasa. Ile maneno ilikwisha."

"Haikukwisha. Dawa imebakia mara tatu. Munganga hakuniambia kama nitapona. Siku ingine matela itarudi peke yake, na itakuwa ya kweli. Uliniapia."

Alimtazama mume wake vizuri kwa mara ya kwanza. Fundi wa nguo alikuwa amekosea vifungo vya shati lake mwenyewe. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Banakuwa batatu," alisema Delphin, na machozi yalimtoka hadharani. "Huyu analia, huyu iko na homa, bugali inaungua, kiliya alisha kulipa anangojea nguo yake. Nilijaribu, Kavugho. Banashinda nguvu yangu."

Kavugho alitaka kumpiga. Alimhurumia pia, na hilo lilimkasirisha zaidi. Aliona wazi kwamba anaweza kumwapisha tena, mbele ya mchungaji ikibidi, na kiapo kingeungua kama bugali. Kwa hiyo alimgeukia mtu ambaye hakuwahi kutaka kumwomba kitu duniani.

"Shangazi Kyakimwa. Bénite hataenda kwako. Weye ndiye utakuya hapa."

Kyakimwa alikuwa anajifuta maharagwe kwa nyuma. "Hapa wapi?"

"Mu nyumba yangu. Miye nikienda Kampala, unakaa na bote batatu. Miye nikikufa, unabakia."

"Na shamba yangu?"

"Baaskari banakula maharagi yako kila musimu. Unabalimia bure."

Mtu alicheka, akajizuia. Kyakimwa alikunja uso. "Weye unanichukia, Kavugho."

"Ndiyo, kidogo. Mais batoto bangu, unabapenda. Nilikuonaka."

Yule mama mgumu aliinamisha kichwa. Akavuta kamasi, kisha akauliza, kwa ukali wake uleule, huyu Shalom anakulaka nini, kwa sababu tangu juzi anakataa kila kitu.

"Uji ya mtama. Usimushike kinywa. Muimbie, atafungua mwenyewe."

Turubai lilikunjwa jioni. Kavugho alikuwa ameketishwa mlangoni, mgongo umeegemea ukuta, hana nguvu hata ya kuinua kikombe. Kyakimwa aliketi uwanjani na Shalom mapajani, akaanza kuimba, vibaya, na kijiko mkononi. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua mdomo, akameza, akafungua tena.

Alikula bakuli lote. Hakugeuka kumtafuta mama yake hata mara moja. Hicho ndicho Kavugho alichokuwa amekiomba, mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe, na kilimuuma kuliko sindano zote za Kampala.

"Mupatie na mayi," alisema.