Jicho Chini ya Kioo

…na atazame wapi sasa, maana pa kutazama anapajua kuliko mtu yeyote hapa Butembo, ni hapa juu kidogo ya katikati, ambapo yeye mwenyewe, Jokébed, alikaa miezi akipunguza pikseli, zile nukta ndogo za mwanga, akiondoa huku akiacha kule, ili mwanga upenye mpaka kwenye kamera iliyofichwa chini na bado mtu asione tundu, ukitazama hapo unamtazama mwenzako machoni sawasawa, hiyo ndiyo kazi iliyompa jina, na leo, leo tu, hataki kumtazama baba yake machoni, angepata simu nyingine yoyote, hata ya tochi, lakini ile yake ya kila siku ilimponyoka mkononi alfajiri alipopewa habari, kioo chote kikasambaa sakafuni, imebaki hii ya majaribio, inalia, inatetemeka mezani kama mende aliyepinduliwa, imeandika Papa… na baba mdogo Ézéchias alisema kabla ya kupanda gari, "Weye bakia. Akipiga, itika. Ukikosa kuitika, atajua kama kuko kitu," akasema hivyo huku akitazama mlango, watu wote leo wanatazama mlango wakiongea naye, ni kana kwamba Éliakim amelazwa humu ndani ya macho yake… Éliakim, kaka yake, dereva wa kakao, jana gari lake lilishambuliwa kabla ya kufika Eringeti na yeye hakutoka, ndivyo walivyosema, hakutoka, kama mtu aliyegoma kutoka, na kwao habari ya namna hii haipitii kwenye simu, usome mpaka umalize vitabu vyote lakini hilo halibadiliki, mzazi haambiwi akiwa peke yake, tena mzazi mwenye tension, presha ya kupanda, wazee wanakwenda kwa miguu yao, wanaketi, wanaomba Mungu, mmoja anamshika mkono, ndipo neno linatoka, na wazee wenyewe, Ézéchias na mchungaji, gari limezama kwenye matope ya Kabasha, watafika Beni kwa baba mchana, wakifika, na mpaka hapo wa kucheka na baba, mzee Zorobabel, na kuuliza habari za shamba ni nani, ni Jokébed, haya, cheka basi… kidole kimeitika chenyewe.

"Jokébed. Wavukire," anamwamkia kwa Kinande, "unaniona?" "Niko nakuona, Papa," na uso wa baba umejaa kioo chote, paji, pua, ndevu nyeupe, hakuna ukuta wala mti nyuma yake, leo ameishika simu karibu mno, na yeye, aangalie kidevu, aangalie sikio, hapana, akihangaika macho atashikwa, bora palepale, "Leo uko unaniangalia," baba anasema, "siku zote unaangaliaka chini ya kidevu yangu," "Ni telefone ya kazi, Papa," "Ah, njo ile," ndiyo ile, ile aliyomweleza barazani kule Beni, kwamba kwenye simu zote kamera iko pembeni ya uso unaoutazama, kwa hiyo watu wanaongea kila mmoja macho chini, na mzee akacheka, akasema, "Donc, basi, bale bazungu banakulipa juu batu baangaliane mu macho? Mutoto wa mwanamuke na baba yake?" maana kwao mtoto aliyelelewa hamkodolei mzazi macho, na hizo simu mbovu zilikuwa zimewafanya mabinti wote wa Kivu kuwa na adabu bila wao kujua, na Éliakim akiwa ameegemea gari akasema, "Papa, iko siku utafurahi," akasema hivyo kwa kinywa kilichojaa ndizi, asiye na haya, Éliakim… anasema nini baba, mvua, "mvula ilinyesha usiku yote, maharagi ya kule chini njo imelala," ndiyo, Papa, pole, Papa, ongea basi, umalize, ukate… na machozi yameanza, anayasikia yakishuka, moto, mpaka kwenye kona ya mdomo, amekwisha, baba ataona, akageuza jicho kwenye ile picha yake ndogo iliyo pembeni ya kioo, na pale kuna msichana mkavu, mashavu makavu, macho makavu, ametulia kama aliyepigwa picha ya kitambulisho… kasoro, ile kasoro, ameisahau vipi na yeye ndiye aliyeigundua, kwamba zile nukta zinautawanya mwanga na kuleta ukungu, basi programu inafuta kila kinachometameta ikidhani ni ukungu, na chozi linametameta, aliigundua kwa Éliakim mwenyewe, hapahapa uani, mtaani Bulengera, alimweka mbele ya simu kwa kuwa uso mweusi kwenye jua la kwetu ndio unaoishinda mashine, akamchokoza mpaka akacheka akatoka machozi, na kwenye kioo Éliakim akacheka macho makavu, uso wa mtu asiyejua kicheko ni nini, Jokébed akawaandikia wenzake wa kazi kwa hasira, huu ni uongo, hii simu inamwibia mtu uso wake, irekebisheni, hawajarekebisha, na Mungu awabariki kwa uvivu wao, na Mungu anisamehe, ndivyo anavyowaza, anaona aibu na anashukuru kwa wakati mmoja, lieni macho, lieni tu, hakuna anayeona.

Sasa kimebaki kitu kimoja, swali, litakuja tu, Éliakim amepiga, Éliakim yuko wapi, na jibu amelipika tangu alfajiri, kule kwenye kakao hakuna réseau, Papa, simu haishiki, unajua kule, ni uongo mfupi wenye miguu mizuri, anauzungusha mdomoni, anangoja, na baba anaongea, mbuzi, mlango wa choo, wimbo mpya wa kwaya, mzee leo ana maneno mengi, yeye ambaye hukata simu bila kuaga, na nyuma ya sikio lake kitu chekundu kimepita, viti vya plastiki, vimebebwa vingi pamoja, baba akageuka haraka akaupa ukuta mgongo, "Ni batu ya kanisa, biko bakiazima," sawa, Papa, viti vya nini asubuhi ya siku ya kazi, na mwanamke mmoja kule ameanza kuimba, amekatizwa… "Na weye," baba anasema, "uko na mutu pale nyumbani?" "Hapana, niko peke yangu," "Tantine Virginie iko njiani kuya kwako. Umungoje. Hapana toka," tantine Virginie, mdogo wake marehemu mama, ambaye hajakanyaga hapa tangu Pasaka, anakuja kufanya nini, anakuja kuketi, anakuja kushika mkono… na kumbe baba hajauliza, kila siku ya Mungu huanza na Éliakim hata kabla ya salamu, mpaka yeye binti amewahi kuona wivu, na leo mbuzi, choo na kwaya vyote vimetajwa isipokuwa mwanawe, anajua, anajua tangu lini, walimwambia akiwa na nani, alikaa au alisimama, na akavaa shati, akashika simu, akaiweka karibu na uso ili uwanja wa msiba usionekane, akampigia binti yake kumzungumzisha habari za mbuzi mpaka tantine afike, na macho yake kwenye ile simu yake ya zamani yameinama kama siku zote, hakuna wa kujua yanatazama nini.

"Donc nikate?" baba anauliza. Ézéchias yuko Kabasha kwenye matope, tantine yuko mahali fulani anapanda kilima, na dakika hii mzee Zorobabel, aliyejitenga na watu ukutani, hana mtu wa kumshika mkono ila yeye.

"Hapana kata, Papa," anasema, macho palepale. "Semasema tu."