Sweta Nyeusi ya Mwalimu Marcella

Mwalimu Marcella alikuwa amebuni mitindo kumi na minne ya kufuma, na wanawake wa Kanyakine waliiheshimu karibu sawa na zile amri kumi. Kulikuwa na kofia ya mtoto yenye masikio, skafu ya matundu, soksi za kulalia, shali ya bibi harusi, na sweta za kila umbo. Ukitaka kujua nani fundi na nani anajishaua tu, ulitazama amevaa mtindo gani wa Mwalimu kanisani Jumapili. Na uliozidi yote ulikuwa ule wa kumi na nne, ua la kahawa, lililosimama kifuani mwa sweta kana kwamba limechipuka hapo lenyewe. Hilo hakuna aliyeliweza. Ulifuma sweta yako mpaka kifuani, ukampelekea Mwalimu, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Kesho yake ulirudishiwa ikiwa na ua, na kama ulikuwa na akili hukuuliza lolote.

Mwaka wa 1987, mvua za Aprili zilipoanza, kiharusi kilimpiga Mwalimu upande wa kulia. Ulimi ukafa, mkono ukafa. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, ambao aliutumia kugonga mkono wa kiti: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni la. Binti yake Kanana, aliyefundisha shule Meru mjini, akaapa kuiandika mitindo yote katika kijitabu na kukichapisha mama yake akiwa bado ana macho ya kukiona. Kumi na mitatu iliandikwa kwa wiki mbili, maana wanawake waliijua kwa moyo. Ua likabaki. Nani angeweza kueleza ua kwa kugonga kiti?

Njia ilikuwa moja, kwa kuwa maua ya sweta za watu yalikuwa yamegandamana kwa kuvaliwa na kufuliwa. Sandukuni mlikuwa na sweta ya kwanza kabisa ya ua la kahawa, ile nyeusi ambayo Mwalimu alishinda nayo zawadi kwenye maonyesho ya wakulima na ambayo kwa miaka alisema atazikwa nayo. Ilibidi kifua chake kifumuliwe safu moja baada ya nyingine, na fundi asome kila kitanzi kabla hakijatoweka, kisha akifume upya. Akikosea, ua limekwenda moja kwa moja. Kanana aliuliza huku na huku ni nani mwenye jicho la kazi hiyo, na kila mtu alimwambia Lenah.

Lenah, mama yake Mwirigi, alifuma sweta za watoto wa shule pale sokoni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alifuma kwa mkono wa kushoto, jambo lililowachekesha wateja mpaka walipoiona kazi yenyewe. Alimpenda Mwalimu Marcella na kumwogopa pamoja. Mwaka wa 1965, akiwa msichana wa miaka kumi na saba, alijiunga na darasa lake la kufuma kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili autumie wa kulia kama watu. Lenah akifika nyumbani alikifungua kitambaa na kufuma alivyojua.

Hakuwa na uzi. Baba yake, Marete, aliyekuwa askari wakati wa vita, alikuwa amefariki na kuacha sweta ya kijani ya jeshi, basi Lenah akaifumua. Mama yake alilia siku nzima. Kwa uzi huo alifuma kipande cha kumwonyesha Mwalimu, akachezacheza nacho, akaacha vitanzi vianguke na kuviokota kwa namna yake. Mwalimu alikitazama muda mrefu. Halafu akasema mbele ya darasa zima kwamba huo ni uchafu, kwamba mikono ile haikuumbiwa kazi hii, arudi kwao akapalilie kahawa. Kipande alikishika yeye, akasema atakifumua ili uzi usipotee, na Lenah, kwa aibu, hakutaka tena kukumbuka kilivyokuwa.

Miaka minane Lenah alipalilia kahawa bila kugusa sindano. Alipoanza tena alianza kwa kujificha. Hata sasa, mtu akimsifu, alijibu kwamba wangemwona Mwalimu. Kwa hiyo Kanana alipomwita, alijiona kama ameitwa kusamehewa. Ila Kanana, kwa kutojua, akamchoma. Alimwambia kwamba mama yake aliposikia jina la Lenah aligonga mara mbili, akarudia tena mara mbili, akaendelea hivyo mpaka akachoka. Ni uchungu wa sweta tu, Kanana alisema, asilitie moyoni. Lenah alilitia moyoni. Hata leo, aliwaza, hata akiwa hoi hivi, bado haiamini mikono yangu.

Walianza saa nane mchana, barazani, penye mwanga mzuri. Mwalimu alikaa kitini amefunikwa shali yake mwenyewe, macho yakiwa kwenye sindano. Kanana alikuwa mezani na daftari. Lenah aliipakata sweta ile kwa adabu, na jambo la kwanza alilogundua lilimshangaza: kifua hakikufumwa pamoja na sweta. Kilikuwa kipande cha peke yake, na sweta yote ilijengwa kukizunguka, ikashonewa kwa ustadi usioonekana. Mwalimu, aliyewakaripia watu kwa viraka! Lenah alitabasamu kidogo, akakata mshono, akakitoa kipande na kuanza kuvuta uzi.

Safu za juu zilikuwa rahisi. Alisoma kwa sauti, Kanana akaandika. Walipofika penye ua, mikono ya Lenah ikaanza kwenda mbele ya macho yake. Alijua kitanzi kinachofuata kabla ya kukifikia. Vilikuwa vimelala kinyume, vyote, jinsi visivyolala kwa mtu wa mkono wa kulia. Akajiambia labda Mwalimu alikuwa na mbinu yake, ndiyo maana alijifungia chumbani. Alijitahidi kuliamini hilo kwa safu nne nzima.

Safu ya tano ilikuwa na fundo. Mwalimu hakufunga fundo maishani mwake, na aliyelifunga kwenye darasa lake alipigwa rula. Hili lilikuwa fundo la kamba za kusukia kiondo, lile dogo la kupitisha mara mbili ambalo Lenah alifundishwa na nyanya yake. Alilifungua kwa ncha ya sindano, polepole. Ndani ya fundo, mahali ambapo rangi nyeusi haikupenya, uzi ulikuwa kijani.

Aliuinua uzi kwenye mwanga. Kijani cha jeshi, urefu wa ukucha. Hakikuwa kimefumuliwa kile kipande, kilikuwa kimechovywa rangi. Alikumbuka uchafu, akakumbuka darasa lilivyocheka, na mama yake akilia juu ya mikono mitupu ya sweta ya marehemu. Aliwakumbuka wanawake wote aliowasikia, miaka ishirini na miwili, wakilisifu ua la Mwalimu, naye akiwaitikia kwa nguvu kuliko wote. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Akainua macho, na macho ya Mwalimu yalikuwa yakimngoja. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini Mwalimu alikuwa amegonga mara mbili, na kwa nini siku zote alijifungia chumbani: ili asionekane akiliiga ua kwa mkono wa kushoto.

Kanana akamwuliza, “Mama Mwirigi, mbona umenyamaza? Tumefika safu ya ngapi?”

Lenah aliona njia mbili, na zote alizitamani. Angeweza kuuvuta uzi mara moja, kwa nguvu, aseme umemponyoka, na ua life leo hii na mwizi wake alione likifa. Au angeweza kuendelea kusoma kana kwamba hakuona kitu, kijitabu kichapwe, mgonjwa apumzike, na watu waendelee kusifu. Alizipima zote mbili akiwa na uzi mkononi. Lakini alikuwa fundi. Hakujua kuharibu kazi nzuri, wala hakujua kumsomea mtu mtindo usio wa kweli.

“Andika,” alisema. “Safu ya tano. Hapa, na zile nne ulizoandika, sindano ya kufumia shikilia na mkono wa kushoto. Acha kitanzi kianguke safu tatu, ukiokote kutoka nyuma.”

Kanana aliandika nusu, akasimamisha kalamu. “Lakini mama hakuwa mtu wa kushoto.”

“Andika tu vile nimesema. Ukilifanya na mkono wa kulia linakuwa nundu. Uliza wote wamejaribu.”

Kanana alimtazama mama yake, kisha mikono ya Lenah, kisha uzi ule na alama yake ya kijani. Hakuwa mjinga. Pale Kanyakine mfumaji wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja, na kila atakayesoma kijitabu angemjua bila kutajiwa jina. Aliinuka akapiga magoti mbele ya kiti.

“Mama,” alisema, “ni kweli? Hii ua ni ya Lenah?”

Mwalimu alifumba macho. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa umemkataa Lenah mara mbili mbili, ulilala tu juu ya kiti. Kanana hakumharakisha. Lenah alijikuta ameacha kupumua, kama msichana wa miaka kumi na saba aliyeleta kipande chake kikaguliwe. Mkono ukainuka. Ukagonga mara moja.

Lenah alikuwa amelingoja neno jema kutoka nyumba ile nusu ya maisha yake. Sasa lilikuwa limekuja na hakusikia raha. Alisikia ile miaka minane ya jembe, mmoja baada ya mwingine. Aliendelea kusoma mpaka safu ya mwisho bila kuruka kitu, na Kanana akaandika yote, machozi yakimdondokea daftarini. Ua la kahawa likawa ndani ya kitabu, zima, na mkono wake wa kushoto.

Kisha Lenah akaviringisha uzi wa kile kipande uwe donge dogo, ulio mweusi na pale penye kijani, akautia mfukoni. Kanana akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba walikubaliana kifua kifumwe tena, kwamba mama yake alitaka azikwe na sweta hiyo.

“Uzi huu ni wa baba yangu,” Lenah alisema.

Alimuaga Mwalimu kwa kumwinamia, kama alivyofanya siku zote, akashuka ngazi za baraza. Nyuma yake Kanana aliikunjua sweta na kumwekea mama yake mapajani, ikiwa na mikono yake yote miwili na mgongo, na kifuani tundu la ukubwa wa kiganja.