Mkeka wa Bibi Somoe

Watu husema tulimzika Bibi Somoe kama mbwa. Waseme. Mimi Zuhura nilikuwepo, na mambo yale yangerudi leo ningefanya vilevile.

Kwetu Msimbati ardhi ni mchanga mtupu. Ukichimba kaburi, kuta zake zinamomonyoka kabla hujamaliza, na maiti akishapangiwa mbao juu yake, mchanga unapenya kwenye kila upenyo. Ndiyo maana juu ya zile mbao hutandikwa mkeka. Si mkeka wowote. Lazima uwe mpya, mweupe, haujatiwa rangi wala haujalaliwa na mtu. Kilio kikisikika tu, sisi wanawake wasukaji tulikaa chini, kila mmoja na ukili wake, utepe wa majani ya ukindu, tukasuka, tukaunga, tukashona, na mkeka ukatangulia makaburini. Hatukulipwa na hatukuulizwa. Wanaume waliuchukua mlangoni kana kwamba umeota wenyewe pale kizingitini.

Aliyetufundisha wote ni Bibi Somoe, mama mzazi wa Jumbe wetu, Mohamedi. Hakuwa na huruma na kazi mbovu. Akiona ukili wako umelegea, anaufumua mbele ya watu na kukuuliza kama ulikuwa unamsukia kuku. Mimi alinifumulia mpaka nikalia. Nilimchukia, halafu nikampenda kuliko mama yangu aliyenizaa, na sijui ni siku gani nilihama kutoka huku kwenda kule.

Binti yangu wa kwanza, Halima, alifia njiani akiwa na mtoto tumboni. Walimbeba kwenye kitanda kumpeleka hospitali mjini, na njia yetu inameza miguu. Nilitembea pembeni nimemshika mkono. Mkono ulipoa kabla hatujaifikia barabara. Mwanangu alikuwa mzima, ana nguvu, ana kicheko cha kuudhi majirani, akafa kwa sababu ya mchanga na umbali. Tulimrudisha kwa njia ileile, nami nikakaa kumsukia mkeka mweupe.

Matanga yalipokwisha nikamwendea Bibi Somoe. Nikamwambia, "Bibi, mie nimechoka kuwasukia mikeka ya kuzikwa wanawake waliokufa wakizaa."

Akatema ugoro. "Basi tuwasukie ya kuzalia."

Alikuwa na maana yake. Mganga wa serikali alikwisha kusema kwamba kijiji kikijenga nyumba ya uzazi, yenye sakafu ya saruji na paa la bati, ataletwa mkunga aliyesomea. Alisema hivyo akaenda zake, akijua fika kwamba hatuna saruji wala bati. Lakini tulikuwa na ukindu. Na miaka ile Mtwara ilikuwa inajengwa bandari mpya, Wazungu wamejaa, nyumba zao kubwa na tupu.

Tukaanza kusuka mikeka ya rangi. Nyekundu tuliichemsha kwa magome ya mkoko, nyeusi kwa tope la mikokoni, na zambarau ya dukani tuliletewa na Rukiyabai. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka kule Mikindani, mzaliwa wa hapohapo, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Yeye ndiye aliyetutilia pindo la kitambaa chekundu kwenye kila mkeka, kwa mkono wake, mishono midogo hata huioni. Mumewe alitaka apate chake. Rukiyabai akamwambia dada yake mwenyewe alikufa kwa uzazi, na kama anataka kufanya biashara na kaburi la shemeji yake, afanye. Mume akatoa na lori.

Wazungu waliinunua mikeka, saruji ikatangulia, na hivyo ndivyo bati zilivyofika. Lori lilikwama kwenye mchanga, tukazibeba vichwani kutoka lilipokwama, tunaimba. Kuta tulikwisha kuzikandika wenyewe, sakafu imekwisha kumiminwa. Paa tu ndilo lilikuwa bado, na binti yangu mdogo, Zainabu, tumbo lake lilikuwa kubwa. Nilikuwa nikimtazama anavyopanda kijilima cha kisimani, roho inanitoka. Nilikuwa nimebakiwa na huyo tu.

Tulikwenda mashambani kwenye mihogo. Tuliporudi tukakuta bati zetu zimegongomewa juu ya baraza la Jumbe.

Tulikwenda kwake na majembe begani, Bibi Somoe mbele. Jumbe Mohamedi alikuwa amekaa chini ya bati zetu, kanzu safi.

"Bwana DC anakuja kuzuru," alisema. "Mnataka akae juani? Hii ni heshima ya kijiji kizima. Akishaondoka tutaona."

"Tutaona nini?" nikamuuliza. "Zina matundu ya misumari tayari."

"Zuhura, nyumba yenu ina haraka gani? Wanawake wanazaa tangu enzi za Mama Hawa, na Hawa hakuwa na bati."

"Hawa hakuwa na Jumbe," alisema Bibi Somoe.

Watu wakacheka. Mohamedi hakucheka. Mwanamume akichekwa mbele ya mama yake huwa mgumu, na yeye alizaliwa mgumu. Akasema ardhi ni yake kuisimamia na kila kilichoezekwa juu yake ni chake kukipanga, na hayo yamekwisha.

Bibi Somoe aliweka jembe chini. Alituangalia sisi, hakumwangalia mwanawe.

"Sikilizeni," alisema. "Kuanzia leo hakuna mkono wa mwanamke utakaosuka mkeka wa msiba hapa Msimbati. Mpaka bati zishuke."

Nilisikia wenzangu wakivuta pumzi. Kumnyima maiti mkeka! Tuliogopa. Mimi nilifurahi pia, sitaficha. Wanaume wakakimbilia kwa mwalimu wa msikitini atuambie tunakwenda motoni. Mwalimu alikuwa mtu mkweli, akakuna kichwa, akasema maiti ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Mkeka ni desturi tu. Siku ile hakualikwa chakula popote.

Jumbe hakujali. Alisema mwanamke akisikia kilio mikono yake haitulii, tutasuka tu. Na hilo ndilo nililoliogopa, kwa sababu alikuwa anatujua.

Halafu akaugua Bibi Somoe mwenyewe.

Sasa, yeye alikuwa na mkeka wake. Kijiji kizima kiliujua. Aliusuka alipofiwa na mume, kwa ajili ya kaburi lake yeye, na kila ulipokaribia mwezi wa Ramadhani aliushusha kutoka darini, akauanika, akaukunja tena. Ukili wake ulikuwa mwembamba, umekaza, hata maji yangekaa juu yake. Sijaona kazi kama ile tena. Kwa hiyo Mohamedi alimuuguza mama yake bila wasiwasi. Mkeka upo, mgomo hautamgusa.

Bibi akanituma nipande darini. Nikadhani anataka kuuona. Nikaukunjua mbele yake, akaupapasa ukingoni, akasema, "Mpelekee Zainabu. Azalie huo."

Nilirudi nyuma. "Bibi, huu ni wa kaburini. Mwanangu alalie mkeka wa maiti? Na mtoto atokee juu yake?"

"Umelaliwa na maiti gani? Mimi nimekufa?"

"Watu watasema mtoto atakufuata."

"Watu wamesema mengi. Zuhura, nikifa, Mohamedi atanifunika kwa huu, atalala usingizi, na nyumba yenu itabaki kuta. Nimeshamwambia mwalimu wasia wangu. Nisiwekewe mkeka wowote, hata wa kulalia. Na wewe usije ukanisukia kwa siri. Nakujua, una moyo laini. Ukinisukia, nitaufumua hukohuko."

Nililia, na yeye akanikaripia kwamba nalowesha ukindu.

Niliubeba mkeka mpaka nyumbani nikiwa sijui nitasema nini. Niliogopa kuliko siku ya bati. Jumbe naweza kumjibu, lakini yale yanayosemwa kuhusu mtoto na kaburi nimeyanyonya kwa mama. Nikamweleza Zainabu yote, nikamwambia akikataa sitamlaumu.

Akaupima mkeka kwa macho. "Mama, Halima alilalia nini?"

Nikaupapasa mkeka ukingoni.

"Nitandikie," alisema. "Na nitazalia mlemle ndani ya nyumba yenu, hata kama paa halipo. Ningetaka kuzaa nyumbani kwetu, ningekwisha kuwaacha mkapumzika tangu zamani."

Uchungu ulimshika alfajiri. Tukamwingiza kwenye nyumba isiyo na paa, tukamlaza kwenye mkeka wa Bibi Somoe. Jua lilipopanda juu ya kuta likamwangukia usoni, basi wanawake wakakunjua khanga, wakazishika juu yake kwa mikono, wanapokezana. Wasukaji wote walikuwepo. Hata mke wa Jumbe alikuwepo, amenyoosha mikono juu.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo tuliposikia kilio kutoka nyumba ya Jumbe. Bibi Somoe alikuwa amefariki.

Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilijiona natafuta ukindu, nimeinama, napapasa sakafu ya saruji. Mke wa Jumbe akaniambia, "Dada Zuhura, shika khanga." Nikashika. Machozi yalinitiririka mpaka shingoni na sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa juu.

Baadaye kidogo akaja Mohamedi. Alisimama nje ya mlango, kwa kuwa mwanamume hakanyagi mahali pa uzazi.

"Uko wapi mkeka wa mama yangu?"

Nikatoka. Nilikuwa na damu kwenye viwiko. "Uko ndani. Ameulalia Zainabu."

"Nipe."

"Ingia uuchukue."

Alinitazama. Nadhani alitaka kunipiga. Kutoka ndani Zainabu akapiga ukelele mrefu, na Mohamedi akarudi nyuma, akatazama juu, mahali palipotakiwa kuwa na paa, akaona mikono ya wanawake na khanga. Akaona mikono ya mkewe. Alizitambua bangili.

"Mnamfanyia hivi mama yangu," alisema. "Mama aliyewafundisha."

"Alitufundisha," nilisema. "Nenda kamuulize mwalimu alichousiwa. Mie nina mgonjwa."

Nikampa mgongo. Ndiyo, nilimpa mgongo mfiwa. Waseme na hilo.

Zainabu alijifungua mtoto wa kike. Damu ilimtoka nyingi, tukasukuma tumbo, tukamfunga, tukaomba, na ikapungua. Lakini alikuwa mweupe midomoni, hawezi kuinuliwa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mto Ruvuma. Niliyatazama nikahesabu khanga tulizonazo, na khanga haizuii mvua.

Wanawake hatuendi makaburini. Yaliyotokea huko alinieleza mume wangu, Selemani, aliyekuwa mmoja wa waliopokea maiti. Alisema walimlaza Bibi Somoe ubavuni, akaelekezwa kibla, mbao zikapangwa. Watu wakageuza vichwa kama kawaida kuupokea mkeka. Haukuwepo. Mwalimu akausema wasia kwa sauti, wakaanza kufukia.

Na mchanga ukaanza kuingia. Kwa kawaida husikii, mkeka unazuia. Safari hii walisikia wote, ukipita kati ya mbao, ukimdondokea yule bibi kwenye sanda. Mohamedi akasema, subirini. Akavua kanzu yake, akaitandaza juu ya mbao, haikutosha hata nusu. Akaingia kaburini, akajaribu kuziba mianya kwa viganja. Alipoziba huku ulipita kule. Selemani alisema hajapata kuona mtu mzima akilia namna ile, na kwamba hakuna aliyethubutu kumtoa. Mwisho alitoka mwenyewe. Akachukua jembe, akamfukia mama yake, akisikia kila kitu.

Sikufurahi niliposimuliwa. Nilikaa chini nikamlilia Bibi Somoe kama nilivyomlilia Halima. Lakini hayo yalikuwa baadaye.

Jioni ileile, matone ya kwanza yalipoanza, tulikuwa tumeinama juu ya Zainabu na khanga zetu. Tukasikia mlio wa misumari ikitolewa. Kwi, kwi, upande wa barazani. Kisha tukasikia hatua.

Mohamedi alikuwa kifua wazi, mchanga umemganda mpaka kwenye nyusi. Alibeba bati kichwani, peke yake, na nyuma yake wanaume wengine walikuwa wanashusha nyingine. Alisimama mbele yangu. Alikuwa anangoja nimwambie neno, na mimi nilikuwa nalo moja kooni, la shukrani, nililolelewa kulisema kwa yeyote aniletaye kitu mlangoni.

Nililimeza. Bati zilikuwa zetu.

Nikamwonyesha ngazi ilipo.