Mlango wa Choo cha Baba

Kiti cha magurudumu cha baba kina upana wa sentimita sabini. Mlango wa choo wa nyumba tuliyopewa nao ni sentimita sabini. Hesabu hiyo ilimridhisha kila mtu isipokuwa sisi tunaoishi humo.

"Kiti ni cha kiwango," alisema aliyetuuzia, akakipindua anionyeshe nembo. "Wote wanatumia hiki hiki."

Msimamizi wa majengo naye alikuja na futi yake, akapima mlango mara mbili, akanikunjia uso kana kwamba mimi ndiye niliyeujenga.

"Mlango ni wa kiwango, dada. Nyumba zote ziko hivi hivi."

"Nimekuelewa, kaka. Sasa baba apite wapi?"

"Hilo sasa ni suala la kiti."

Nilichoka. Nilichoka hadi nikacheka, na nikicheka hivyo watu wa nyumbani hukaa mbali. Watu wazima wawili, kila mmoja na kiwango chake mfukoni, na katikati yao mzee wa watu amekwama mlangoni, vidole vimechubuka. Ikabidi nimbebe mimi, binti yake, hadi ndani, kisha nisimame nje nikijifanya sisikii.

Mwanzoni aliniomba radhi. Baadaye akaacha chai. Nikimwekea maji anasema hana kiu, na midomo imemkauka. Mtu aliyekuwa akimaliza birika peke yake! Hapo ndipo hasira ziliponipanda kweli.

Nikamwita mdogo wangu, fundi mwashi, aje na nyundo na tindo. Tuling'oa fremu, tukabomoa na kipande cha ukuta. Vumbi lilijaa hadi kwenye masufuria. Msimamizi akaja mbio, akasimama juu ya kifusi.

"Mlango huu sasa hauko kwenye kiwango."

"Hauko," nilimjibu. "Wala si mlango tena. Tumetundika pazia."

Alikuwa bado anatutajia makosa yetu baba alipofika nyuma yake na kiti chake.

"Mwanangu, naomba njia."

Msimamizi akasogea. Baba akapita, akavuta pazia mwenyewe. Sisi watatu tukabaki kila mtu akiangalia viatu vyake.

Kisha sauti yake ikatoka ndani, ile ya kuamrisha tuliyoizoea tangu utotoni.

"Bandikeni chai. Birika lile kubwa."