Anayeitikia Darini

Nyumba ile ya Kagarama nilisema Mungu kanipa, na aliyebisha nilimnunia. Tulishuka kwenye lori kutoka Bujumbura Julai 1994, tukirudi kwetu baada ya mauaji ya kimbari, kila mtu akawa anaingia nyumba isiyo na mtu na kuandika jina lake mlangoni kwa mkaa. Nikaandika kwa herufi kubwa: SPÉCIOSE. Miaka hamsini na minne sikuwahi kuwa na mlango wangu.

Kilichonikera ni maji. Kila niliporudi kutoka sokoni Kicukiro nilikuta dumu limepungua, na maharage ya jana pia. Nililaumu panya. Lakini panya gani huyo anayefunika sufuria? Mtaa wenyewe ulikuwa kimya, hata mbwa hawakubweka, na nikipiga chafya nilihisi nyumba nzima inanisikiliza.

Niliogopa, sifichi. Dawa yangu ilikuwa rozari. Saa tisa alasiri nilipiga magoti sebuleni nikasali kwa Kirundi, peke yangu, nikiongoza na kujiitikia. Nilisali Matendo ya Uchungu kila siku, sikujali siku gani ni ya nini. Kaka yangu Gasana aliuawa Gikondo, hata kaburi lake sikuonyeshwa. Nani angenidai furaha?

Siku moja vumbi lilinikaba. Nilimaliza nusu ya Salamu Maria, nikakohoa kabla sijajiitikia. Juu ya kichwa changu sauti nyembamba ikaitikia kwa Kinyarwanda: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee, mpaka amina.

Nilitoka mbio na kiatu kimoja hadi kwa jirani, Benon, aliyerudi kutoka Uganda. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama nimewahi kusikia mzimu unakunywa maji. Nilishikilia kwamba ni mzimu, maana mzimu unanyunyiziwa maji ya baraka unaondoka.

"Mama," akasema, "kama mwenye nyumba iko mzima huko juu, nyumba si yako. Niite askari?"

Nikamkataza. Nilijua ninachotaka, na mpaka leo naona haya kukisema. Nilitaka awe mzimu. Ningelificha dumu langu wiki mbili tu, dari ingenyamaza yenyewe, na hakuna ambaye angejua.

Kesho yake nililifungia dumu chumbani kwa kufuli. Saa tisa nikapiga magoti kama mtu mwema, nikatangaza tendo la kwanza la uchungu, Yesu anatoka jasho la damu.

"Mubyeyi," dari ikaniita mama kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosa adabu. "Leo ni Alhamisi. Alhamisi ni Matendo ya Furaha."

Nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa Alhamisi kweli. Mimi mwenye jua, soko na redio nilikuwa nimepoteza siku. Yeye wa gizani alikuwa nazo zote. Hakujua mimi ni mwema au mbaya, kwake kila mguu ulioingia ulikuwa wa wale wale wauaji, lakini kosa langu lilimshinda kunyamaza. Nikamuuliza anafurahia nini huko juu.

"Malaika anamsalimu Maria," akasema. "Siku ya kwanza waliyokuja kunitafuta ilikuwa Alhamisi. Walikuwa hapo ulipo wewe, na mapanga. Malaika akamsalimu hata hivyo. Tangu hapo hajakosa hata Alhamisi moja."

Nililia, kwanza kwa hasira ya kuipoteza nyumba, kisha kwa aibu. Nikafungua kufuli. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya lile dumu na kuufuta mlango, asije akashuka akakuta jina langu. Ndipo nikaenda kuazima ngazi kwa Benon, asishuke tena kwa kuparamia ukuta kama nilipokuwa sokoni. Nikamwambia kwamba mwenye nyumba yuko mzima, na nilishangaa jinsi nilivyolisema kwa furaha.

Alishuka polepole, mwepesi hata ngazi haikulia, akifumba macho kwa sababu ya mwanga. Akasema anaitwa Pudentienne. Alipomaliza kunywa aliutazama mlango, palipobaki doa jeusi.

"Nilikuwa nimelisoma," akasema. "Mwandiko wako mzuri, Spéciose."

Akauliza tumefika tendo la ngapi, nikasema bado hatujaanza. Magoti yake yalikataa, akaketi mkekani kando yangu. Niliongoza nusu yangu, nikanyamaza, nikamwachia yake.