Orri Hataki Uji

Alhamisi asubuhi mwanangu Orri, mwenye miezi kumi na minne, alifunga mdomo kama mtu aliyekula kiapo. Nilisogeza kijiko, akageukia ukutani. Nikazunguka na kijiko, akageukia dirishani. Uji ukapoa, ukafanya utando juu, nikaukwangulia kwenye ndoo ya taka. Ilikuwa asubuhi ya tano.

"Meno tu hayo," alisema mume wangu Sindri. Alikuwa amerudi kunywa kahawa baada ya kusukuma theluji ya barabara ya juu. Ndiyo kazi yake majira yote ya baridi, yeye na lile gari lake la manjano. "Mimi nilipoota magego nilimng'ata paka."

"Nani alikuambia?"

"Paka mwenyewe."

Sikucheka. Jumatatu iliyofuata nilikuwa naanza kazi katika nyumba ya wazee ya mji wetu, msaidizi wa wauguzi, mwenye cheti. Cheti hicho nilikisomea miaka mitatu, jioni kwa jioni. Mwaka wa pili nilikaa upande upande kwa sababu tumbo halikuingia kwenye dawati, na Orri alizaliwa kati ya mtihani wa anatomia na ule wa lishe. Ndiyo, lishe. Nilipata alama nzuri kabisa.

Msimamizi aliniambia wazi kwamba nafasi ni moja, na nisipofika Jumatatu anamwita anayefuata. Nami nisingeweza kufika kama Bergljót asingemchukua Orri.

Bergljót ni mlezi wa mchana. Nyumbani kwake analea watoto wanne mpaka wafikie umri wa chekechea, na kila mtoto mpya hupewa wiki ya kuzoea. Wiki ya Orri ilikuwa inakwenda vizuri isipokuwa mezani. Saa mbili kamili Bergljót huwapa wote uji wa shayiri, na Orri akiliona bakuli tu anaanza kulia. Jana yake, Jumatano, alinivuta kando pale mlangoni tunapovulia viatu.

"Eydís, mpenzi, sina neno na kilio. Kilio nimezoea. Lakini mtoto asiyekula siwezi kukaa naye kutwa nzima, nitakuwa namwangalia yeye tu na wenzake wanapanda makabati. Kama Jumatatu atakula chochote, sawa. Asipokula, tuongeze wiki mbili, uwe unakaa naye hapa."

"Wiki mbili sina."

"Najua," akasema, na alisema kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi.

Basi nilikesha kwenye simu nikisoma orodha za vifungua kinywa vya mtoto anayeota meno. Kila orodha ilikuwa na mama anayetabasamu. Nilijaribu ndizi iliyopondwa, akaipaka mezani. Nikajaribu yai, nalo likaishia kwenye soksi yake. Uji ndio niliouona kuwa msingi. Sisi wote hapa Iceland tumekuzwa kwa uji, na nilijiambia akiukubali huo, mengine yatafuata. Kwa hiyo kila asubuhi nilianza na uji, na kila asubuhi tukaanza na vita.

Jumamosi akaja mama mkwe wangu, Steinvör, bila kupiga simu, kama kawaida yake. Alipita barazani, akafunua kidogo blanketi la kigari ambamo Orri alikuwa amelala nje kwenye baridi, kama watoto wote wa hapa, akaridhika na rangi ya mashavu, akaingia.

"Amekonda," akasema hata kabla ya kuvua koti.

"Asante, Steinvör. Nimeona."

"Sikulaumu. Nasema nilichokiona." Akakaa, akaliona bakuli la Orri likiwa limejaa vile vile. "Hili la nani?"

"La kutupa. Amekataa tena."

"Kutupa! Nimetoka nyumbani sijatia kitu kinywani." Steinvör alilelewa katika nyumba ya watoto tisa, na chakula kilichobaki sahanini humwasha mwili. Akachukua kijiko, akachota cha kujaza shavu.

Nilimwona akiacha kutafuna. Macho yakamtoka. Akameza kwa nguvu, akashika kifua, akaniangalia.

"Eydís. Umepika injini ya boti?"

"Ni uji wa kawaida!"

"Kawaida ya wapi? Onja."

Nilionja. Sijui niuelezeje ule uji. Ulianza kama shayiri, halafu gati zima la samaki likapanda puani, likakaa hapo.

Mafuta ya ini la samaki. Hapa kila mtoto hupewa kijiko chake asubuhi majira ya baridi, kwa kuwa jua linakuwa adimu, na Orri alikuwa akiyameza vizuri kabisa. Fizi zilipovimba akaanza kuking'ang'ania kijiko kwa meno, mafuta yakimwagika shingoni. Ndipo nikapata wazo, na niseme kweli nilijisifu kwa wazo hilo, la kuyamimina ndani ya uji ukiwa bado unachemka, nikakoroga hadi yakapotea. Yalipotea machoni tu. Kwa siku saba nilikuwa nampa mtoto mwenye kidonda kinywani kitu cha moto chenye harufu ya boti, na yeye, masikini, akafikia uamuzi kwamba uji wote duniani uko hivyo. Ndiyo maana alilia hata kwa Bergljót.

"Na ni wewe uliyeniambia nisimnyime mafuta," nilimwambia Steinvör.

"Nilisema kijiko. Sikusema sufuria."

Kisha akacheka, na mimi nikacheka, halafu mimi nikawa nalia na yeye bado anacheka, mpaka alipoona.

"Njoo hapa, mpumbavu wangu. Mimi nilimlisha Sindri sabuni. Kipande kizima. Nilidhani ni jibini, nilikuwa sijalala siku tatu."

Nilichowaza wakati ule ni jambo dogo. Nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu kinywa cha mtoto, na sikuwahi kuweka kinywani mwangu kile nilichokiweka kwake.

Orri alipoamka hatukumwonyesha bakuli wala kijiko. Nilitoa skyr kwenye friji, mtindi wetu ule mzito, ikiwa baridi hasa, nikaimwaga kidogo juu ya meza yake. Akaitazama. Mimi nikachovya kidole, nikala. Akachovya chake. Ule ubaridi ulipogusa fizi alinyamaza, akafumba macho, kisha akaweka mkono mzima.

Steinvör alifungua mkoba, akatoa kipande cha samaki mkavu, kipana kama kiganja na kigumu kama ubao. "Atafune hiki. Baba yake alikitafuna."

"Kikimeguka je?"

"Ndiyo maana una macho. Kaa mbele yake."

Nilikaa mbele yake nusu saa nzima, sikuinuka hata kwa kahawa. Alikiguguna kile kipande kama mbwa mdogo mwenye furaha, mate yakitiririka, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakushika shavu. Mafuta yake tulimpa jioni kwa bomba dogo la dawa, baridi, upande usiouma.

Jumatatu saa mbili kasoro tano tulikuwa kwa Bergljót. Aliweka mabakuli manne. Orri aliona uji, mdomo ukaanza kukunjika. Nikachota uji wake, nikala mbele yake. Ulikuwa mtamu, laini, usio na kosa lolote. Nikamsogezea. Akageukia ukutani.

Nikafungua kopo nililobeba: mkate mweusi wa shayiri uliolowa maziwa ya baridi, vipande vya kushikika. Nikaviweka mezani bila sahani, nikarudisha mikono magotini.

Mtoto aliyekaa kando yake, msichana mwenye nywele kama manyoya ya kifaranga, akanyoosha mkono kuchukua kimoja. Orri alipoona hivyo akakinyakua, akakitia mdomoni chote. Akanyonya. Akameza. Akachukua cha pili, na cha tatu akampa yule msichana, kikiwa kimeshanyonywa.

"Hiki si kifungua kinywa, huu ni ugomvi wa sokoni," alisema Bergljót. "Lakini amekula. Nenda, utachelewa."

"Uji—"

"Uji utamfikia. Nenda, mpenzi."

Nilitoka. Kilio kilianza nikiwa kwenye ngazi, nikasimama nimeshika mlango wa nje. Kikapanda, kikashuka, kikakatika. Barabara ilikuwa safi, Sindri ameshaisukuma theluji. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta glavu nikakuta kipande cha samaki alichokitafuna Orri njiani, ncha moja bado imelowa mate. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimekula tangu jana jioni, nikakivunja kwa ncha iliyo kavu, nikaenda kazini nikitafuna.