Seng'enge Kwenye Ndiva

Uvumi haumtoki Namsifu kichwani: kwamba kuna mnunuzi anayetaka mashamba yote ya chini ya ndiva, lile bwawa linalomwagilia kijiji kwa zamu, na kwamba binti za watakaouza watapewa kazi kiwandani. Yeye ameshamwambia mnunuzi aje. Mchana huu anangoja zamu yake, kaegemea ukingo, usingizi unamchukua, na maji yanafunguka kama mlango.

Anaingia. Barabara haina mwisho, na mbele yake anatembea mtu asiye na uso. Hapa ni wapi, baba? Ulaya ya kale, mama, kabla haijanenepa. Haya niambie, mnyama gani alikula kijiji kizima naye hali nyama? Namsifu anatazama: palipokuwa na nyumba wamejaa kondoo, mabwana wenye ardhi wamezungusha ua, maana manyoya yanaleta faida kuliko wakulima. Waliofukuzwa wanatembea na vyungu vyao, na barabara inageuka bandari, merikebu zinashusha pamba na sukari. Nani kalima yote haya? Waliolimishwa kwa minyororo ng'ambo, mama, wengine wana pua kama yako. Bandari inakunjuka, inakuwa mji wa vioo, kila kioo kinaonyesha bomba la moshi lile lile, na chini yake makaa, mashine, na wale wale wa vyungu, sasa mikono mitupu. Mbona hawarudi kulima? Warudi wapi, mama, kwa kondoo? Chini ya mashine mtoto anatambaa akiokota vumbi la pamba kwa vidole vyembamba. Anainua uso: ni Nakijwa, bintiye. Mama, anakohoa, huku hakuna zamu ya maji, zamu ni ya mashine tu. Namsifu anamvuta, seng'enge inawatenga. Nani kaizungusha hii? Asiye na uso anacheka: aliyeshika nyundo. Namsifu anatazama mkono wake, na nyundo imo.

Mama, amka, zamu yetu inapita. Nakijwa anamtikisa. Na yule mnunuzi yuko nyumbani, amekalia kiti chako. Kwenye nywele za binti kuna nyuzi nyeupe za pamba. Umetoka wapi wewe? Si hapa hapa, mama. Namsifu anazitoa mmoja mmoja, hajui kama ameamka au ndiyo kwanza ameingia, lakini anakwenda kumnyanyua mtu kwenye kiti chake.

Nanyi wenye mabinti:
Msiuze shamba lenye zamu ya maji.
Msikubali ua kwenye njia ya wote.
Msiamini kazi ya mtu anayetaka ardhi yenu kwanza.
Msimtoe mtoto kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba.
Na msisinzie mkingoja zamu.